Uliza Bwana Afya: Kiwanja kilichokuwa na sumu, tunaweza kukitumia?

Toleo lililopita niliandika kidogo tu kuhusu betri mbovu za gari zinazovunjwa uani, nikadhani yameisha, kumbe nimechokoza nyuki. Barua na meseji zimekuja nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: pale palipokuwa na kiwanda, au dampo, au mialo ya dhahabu (pale mawe yanaposagwa na kuchenjuliwa), sasa pako patupu na watu wanapataka, huyu anataka shule yule bustani mwingine nyumba ya kupangisha, je ni salama? Nimechagua sita. Majina nimeyaacha na maneno nimeyapunguza, maana kuna mama mmoja kaandika kurasa nne (nimekusoma zote mama, usiwe na wasiwasi).

*

Asalam aleikum. Niko Mombasa, upande wa bara. Karibu na kwetu kulikuwa na yadi ya skrapu, walikuwa wakivunja betri za gari na kuyeyusha usiku, moshi mpaka unakohoa ndani ya neti. Wamefunga kama miaka sita hivi wakaenda zao. Sasa mwenye ploti ameitoa kwa jamii na kamati ya madrasa inataka kujenga madarasa mawili na uwanja wa watoto kucheza. Wazee wanasema mvua zote hizi zilizonyesha zimeshaosha, hakuna sumu tena. Roho yangu haijatulia, lakini naogopa nitaonekana napinga kheri. – Mama wa watoto wanne

Waaleikum salaam mama. Roho yako ina haki yake kabisa. Madini ya risasi, ambayo ndo yamejaa kwenye betri ya gari, hayaozi na mvua haiyamalizi. Yanashikana na udongo wa juu, zile sentimita chache za kwanza ambazo ndo hizo hizo mtoto anazichezea, na yanakaa hapo miaka na mikaka. Mvua kazi yake ni kuyasogeza tu, yatoke kwenye yadi yaingie mtaroni, yatoke mtaroni yaingie uani kwa jirani.

Na anayeumia wa kwanza ni mtoto. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema risasi ikimezwa, mwili wa mtoto mdogo unaifyonza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na sasa fikiria nani kati ya wewe na mwanao anayeanguka mchangani halafu anatia kidole mdomoni. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mwongozo wao wa 2021 unasema damu ya mtu ikikutwa na mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mtoto mwenye risasi nyingi anaweza kupata degedege akafa, lakini wengi hawaonyeshi chochote cha kushtua, anakuwa na upungufu wa damu, tumbo linauma uma, darasani hashiki, mnasema huyu mtundu huyu mvivu, kumbe ubongo umeshaguswa, na hilo la ubongo halirudi hata ukimpa dawa.

We wa Mombasa Owino Uhuru unaijua, ila wasomaji wetu wa mbali pengine hawajaisikia. Ni kijiji cha watu kama 3,000 hivi pembeni ya jiji, na mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa kimegusana nacho ukuta. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mtoto wake akaugua, vipimo vikaonyesha risasi, akaacha kazi akaanza kupiga kelele, akakamatwa, hakunyamaza. Kiwanda kikafungwa 2014, yeye mwaka uliofuata akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na eneo lisafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe milioni 700 za kusafishia. Kesi ikaenda rufaa 2023 ikapinduliwa, ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Desemba 2024 majaji wa juu wakairudisha hukumu ile ya kwanza. Sasa hesabu mwenyewe, kutoka 2014 mlango unafungwa mpaka 2024, na muda wote huo udongo uko pale pale na watoto wanazaliwa juu yake. Ndo maana nakwambia kufungwa kwa yadi sio kusafishwa kwa yadi.

Kuna jambo lingine ambalo nataka kamati yenu ilisikie, na linatoka Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa huko, wa chini ya miaka mitano wengi wao, kwa sababu wazazi walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu nyumbani na mawe yale yalikuwa na risasi. Madaktari walikuja na dawa za kuvuta risasi kwenye damu, lakini hawakuanza na dawa. Walisema nyumba kwanza. Kwa sababu ukimtibu mtoto halafu akarudi kulala kwenye vumbi lile lile, umefanya kazi ya bure. Kwa hiyo vijana wa vijiji walichukua majembe wakakwangua udongo wa juu uani, sentimita chache tu, wakautia kwenye magunia, wakaenda kuuzika mbali kwenye shimo lililoandaliwa, wakaleta udongo safi wakamwaga juu. Nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, mpaka 2013 wakafika Bagega kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Jembe, gunia na tipa la udongo safi. Ila walipima kwanza wakajua wakwangue wapi na waishie wapi.

Sasa kwenu. Usiende kwenye kamati kusema msijenge, nenda useme tupime kabla ya kujenga, hapo hakuna atakayekuona mpinzani wa kheri. Chora ploti kwenye karatasi, uonyeshe betri zilikuwa zinavunjwa wapi, tanuri lilikuwa wapi, maji ya tindikali yalimwagwa wapi (wazee na vijana waliofanya kazi hapo wanajua vizuri kuliko ramani yoyote). Kila sehemu kati ya hizo ichukuliwe sampuli yake peke yake, na nyingine kutoka katikati, na nyingine nje ya ploti upande upepo unakoelekea. Chukueni udongo wa juu juu, sio mchimbe futi mbili mkalete udongo msafi wa chini halafu mkafurahi bure. Mfuko safi, jina la sehemu juu yake. Peleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au maabara ya chuo kikuu, na useme wazi kwamba unataka kipimo cha risasi, maana maabara nyingi za udongo ukiwapelekea tu watakupimia mbolea wakurudishie karatasi nzuri haina habari unayoitaka. Kuna pia kile kifaa cha mkononi kinachofanana na bunduki, unakielekeza ardhini unapata namba hapo hapo, NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya) au watafiti wakija nacho asubuhi moja inatosha ploti nzima.

Mkipata namba, kipimo cha kulinganishia: Marekani walikuwa wanaona udongo wa makazi unafaa kuchunguzwa ukifika miligramu 400 za risasi kwa kilo, Januari 2024 wakashusha mpaka 200. Mkikuta chini sana ya hapo, jengeni na dua tutaleta. Mkikuta juu kiasi, kuna njia za kati, sakafu ya zege kwenye madarasa na veranda, uwanja ukwanguliwe uletewe udongo safi na upandwe nyasi, na mtu awe na jukumu la kuangalia zege lisipasuke na nyasi zisiishe, maana kufunika ni sawa lakini kufunika kunataka kutunzwa. Mkikuta maelfu, hapo hata msiguse. Kuchimba msingi kutarusha vumbi mtaa mzima, kazi hiyo ni ya wataalamu na gharama ni ya aliyechafua, sio ya sadaka za Ijumaa.

Na hapo nina neno moja la pembeni. Mwenye ploti kuitoa bure, sisemi ana nia mbaya, huenda ni thawabu anatafuta. Lakini ardhi yenye sumu ni mzigo, na ukiipokea kwa hati bila kupima, mzigo unaanza kuwa wako. Iandikwe kabisa kwamba mnaipokea baada ya majibu. Katiba ya Kenya kifungu cha 42 inawapa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinasema unaweza kwenda mahakamani hata kabla hujaonyesha kwamba umeshaumia.

Wakati mnasubiri, watoto wasichezee pale. Ndani ya nyumba deki kwa tambara bichi badala ya kufagia kavu, viatu vibaki mlangoni, mikono ioshwe kabla ya kula. Na kama kuku wako wanachakura kwenye ploti ile, mayai yao usiwape watoto, kuku anakula udongo kuliko mtu yeyote hapo mtaani. Watoto wako wanne wapimwe damu, uliza kipimo cha risasi kwa jina lake kwenye hospitali kubwa.

*

Bwana Afya mambo, shikamoo kama umri unaruhusu. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Dar, tumepata eneo ambalo zamani lilikuwa dampo, juu kuna udongo na majani tu, wala hunusi kitu. Tunataka tulime mchicha na matembele tuuze sokoni, na mwenzetu anataka apige frem mbili za biashara mbele barabarani. Mtendaji kasema hamna shida. We unasemaje?

Marahaba vijana. Mi nasema shida ipo, tena mbili tofauti.

Ya frem ndo inanitisha zaidi. Taka zikifukiwa zinaoza bila hewa na zinatoa gesi ya methani, na hazitoi mwaka mmoja zikaacha, zinatoa miongo. Gesi hiyo haina rangi na yenyewe haina harufu, kwa hiyo kusema hunusi kitu hakunisaidii. Nje inapeperuka inaenda zake. Lakini ukijenga chumba kikafungwa vizuri, inapanda kupitia nyufa za sakafu inajikusanya, na ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya chumba, swichi ya taa au njiti ya kiberiti inatosha. Frem zenyewe mnazozijua, hazina dirisha hata moja, zinafungwa shata usiku kucha, asubuhi mtu anakuja anafungua anawasha. Halafu dampo linashuka. Taka zikioza chini zinapungua ujazo, ardhi inatitia huku inatitia kule, ukuta unapasuka kabla hujamaliza kulipa mkopo wa matofali.

Mchicha. Mboga za majani zina tabia ya kunyonya metali kama kadimiamu kutoka ardhini, na hata zisiponyonya, zinabeba vumbi kwenye majani, na matembele yanatambaa chini kabisa. Kwenye dampo la zamani hamjui kuna nini, maana enzi hizo betri, taka za hospitali, makopo ya rangi na maganda ya ndizi vyote vilikuwa vinamwagwa pamoja. Mteja wako Ilala sokoni anauliza fungu bei gani, haulizi mchicha umetoka wapi. Kwa hiyo jukumu la kuuliza ni lenu.

Lakini sitaki mrudi mikono mitupu, eneo ni mali. Kitalu cha miche na maua kwenye viriba, udongo mnunue kutoka nje, chini mweke turubai, hilo linakwenda na Dar maua yanauzika barabarani kila kona. Uwanja wa mpira, mkiongeza udongo safi wa kutosha na mkaupanda nyasi. Kibanda cha biashara kama lazima, kiwe cha nguzo, kuta nusu, sakafu iinuliwe hewa ipite chini. Car wash msithubutu, maji mnayomwaga yanashuka kwenye taka yanatoka upande wa pili meusi, yanaingia kisimani kwa mtu.

Mnaweza kuona naongea kama mtu mwoga. New York kulikuwa na dampo linaitwa Freshkills, lilifunguliwa 1948 likafungwa 2001, na walitaka liwe bustani ya watu. Wakalifunika kwa tabaka za udongo na karatasi nene za plastiki, wakatandika mabomba ya kunyonya gesi, wakachimba visima vya kupimia, na pamoja na hela zao zote sehemu ya kwanza ya ndani wameifungua Oktoba 2023. Kwa hiyo mtendaji akisema hamna shida, mwambieni aandike na asaini, na muende NEMC (baraza la mazingira la Tanzania) kanda mkaombe ushauri kabla hamjanunua hata mbegu.

*

Niaje daktari. Mi ni wa Dandora, nimezaliwa hapa. Kila kampeni wanatuambia dampo litahamishwa na pawe na bustani kubwa. Hii kitu itawahi fanyika? Na ikifanyika, sisi ma-tenanti tutabaki?

Poa kijana. Dampo lenu hapo Nairobi lilianza katikati ya miaka ya 1970, kwenye mashimo ya machimbo ya mawe, na 2001 likatangazwa kwamba limejaa. Limejaa tangu wewe hujaanza shule pengine. 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walitoa utafiti wa watoto 328 waliokuwa wanaishi na kusoma karibu na hapo, nusu yao damu ina risasi kufikia au kupita kiwango kilichokuwa kinakubalika wakati ule, na kiwango cha wakati ule kilikuwa juu kuliko cha sasa. Kwa hiyo sababu za kuhamisha hazijakosekana. Kinachokosekana ni pa kupeleka, kwa sababu kila mahali kuna watu.

Angalia Dar. Miaka ya 1980 wakazi wa Tabata walilishtaki jiji kwa ajili ya dampo, moshi na harufu, wakashinda 1988, jiji likawa linaomba muda linaomba muda, mwishowe dampo likafungwa. Baadaye taka zikaenda Vingunguti. Vingunguti wakalalamika, zikaenda Mtoni. Mtoni pakajaa, zikaenda Pugu Kinyamwezi. Tabata walipumua, na nawapongeza, lakini kila mara aliyepumua alimwachia mwingine pumzi yake. Mombasa nako Kibarani, pale unapoingia kisiwani, jaa lilifungwa 2018, pakapandwa miti na nyasi, na ukipita leo huwezi kuamini, pamependeza kweli. Taka zikaenda Mwakirunge. Na wale waliokuwa wanaokota plastiki na chuma Kibarani, wanakula kutokana na jaa lile lile lililokuwa linawaumiza, hao hawakupandwa popote.

Swali lako la wapangaji ni zuri kuliko la kwanza na ndo halijibiwi kwenye mikutano. Ndio, mahali pakisafishwa kodi hupanda. Mwenye nyumba haangalii mapafu yako, anaangalia bustani mbele ya dirisha lake. Sijaona dawa ya hilo isipokuwa kulidai mapema, kabla mradi haujasainiwa, wakati wenye mradi bado wanahitaji picha ya wakazi wanaopiga makofi. Ushirikishwaji wa umma uko kwenye sheria yenu, nendeni wapangaji kama wapangaji, sio mseme tu "wakazi", na mdai iandikwe nani analipwa kuhama, nani anabaki kwa kodi gani, na waokotaji wanapewa kazi gani kwenye mradi. Baada ya kukata utepe hakuna atakayekupokelea simu.

*

Mkuu habari za kazi. Niko Geita. Nimenunua kiwanja bei poa, kumbe zamani palikuwa mialo ya kuchenjulia dhahabu, kuna rundo la marudio pembeni. Fundi anasema ule mchanga ni mzuri kwa kupigia lipu na kufyatulia matofali, nisinunue mchanga. Nimsikilize?

Usimsikilize, mlipe chai aende. Bei poa umeshajua ilitoka wapi.

Marudio yale ni unga wa mwamba uliosagwa kwenye makarasha, ukachanganywa na zebaki ili inase dhahabu. Zebaki nyingine ilibaki humo, nyingine ilimwagika chini, nyingine ilichomwa ikapanda hewani ikatua kwenye mapaa na udongo wa jirani. Kama kuna mtu alikuja baadaye akayaosha tena kwa sainaidi ni mbaya zaidi. Sainaidi yenyewe juani inavunjika baada ya muda, lakini ikikutana na zebaki inaiyeyusha, na zebaki iliyoyeyuka inasafiri na maji kwenda kisimani na mtoni, na ikifika kwenye tope la mtoni vijidudu vinaigeuza ikawa ile inayopanda kwenye samaki. Juu ya hayo mwamba wa ukanda huo wa ziwa mara nyingi una aseniki. Sasa fundi anataka uipige ukutani chumbani, kila ukipigilia msumari wa kutundikia shati unavuta vumbi lake.

Rundo usilisogeze kwa beleshi na usimuuzie mtu. Lifunike kwa turubai, lizungushie kitu mvua isilibebe, watoto wasipande. Waone ofisi ya madini ya mkoa na NEMC, marudio yana thamani na yana taratibu zake, inawezekana kuna mwenye leseni ya kuyachukua na ikawa nafuu yako. Sehemu iliyobaki ya kiwanja ipimwe zebaki na aseniki, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali wana ofisi ya kanda Mwanza. Kisima usichimbe mpaka majibu yatoke. Na pale palipokuwa sehemu ya kuchomea (waulize wachimbaji wa zamani, wanakumbuka jiwe kwa jiwe) usije ukaweka jiko wala chumba cha kulala.

*

Mimi ni mwanafunzi Kilifi. Mwalimu ametuambia miti inaondoa sumu kwenye udongo, na mfano ni Haller Park hapa Bamburi. Ni kweli?

Nusu kweli, na mwalimu wako namheshimu. Pale Bamburi palikuwa na machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, mawe ya matumbawe yamechongwa mpaka karibu na maji ya chini, jua kali, chumvi, hamna udongo hata wa kujaza kikombe. 1971 René Haller akaanza kupanda, akajaribu aina 26 za miti, nyingi zikafa, mvinje ukawa ndo mshindi. Lakini majani ya mvinje yakidondoka hayaozi upesi, yakawa yanalundikana tu makavu. Akaleta majongoo. Wale weusi wakubwa ambao watoto wa Pwani tunawaogopa na kuwachokoza, akawaachia humo, wakatafuna majani wakatoa mbolea, na udongo ukaanza kutokea juu ya jiwe. Leo kuna viboko na twiga.

Ila ukiangalia vizuri, pale tatizo lilikuwa ukavu, sumu haikuwepo. Kwenye udongo wenye risasi au zebaki, kuna mimea kweli inavuta metali kidogo kidogo, alizeti inatajwa sana, lakini inachukua miaka mingi na ukishaivuna ule mmea wenyewe sasa ni taka ya sumu, huwezi kumpa ng'ombe wala kupikia. Miti inachofanya vizuri zaidi ni kushika vumbi na mmomonyoko. Mwambie mwalimu muende Haller na daftari, mhesabu majongoo.

*

Jambo papa docta. Mi ni mama wa Uvira, tuko huku Marekani jimbo la Ohio na familia. Kanisa yetu imepewa kiwanja na mji, kulikuwaka nyumba ya zamani wakaibomoa. Tunataka kulima lengalenga (mchicha) na matembele sawa kwetu. Majirani wanasema eti udongo wa huku mubaya. Ni ukweli?

Jambo sana mama. Wanasema ukweli, na sio kwa kiwanja chenu tu, serikali ya huko inakadiria ina maeneo zaidi ya 450,000 ya namna hiyo, viwanda vya zamani, vituo vya mafuta, magereji, ambayo yamekaa bure kwa sababu watu wanahofia uchafu wake, na tangu 2002 kuna sheria na pesa za kuyapima na kuyasafisha. Kwa nyumba zilizobomolewa shida kubwa ni rangi ya ukutani. Mpaka 1978 rangi za nyumba huko zilikuwa zinaruhusiwa kuwa na risasi, nyumba ikibomolewa rangi inabaki udongoni, hasa pale kuta zilipokuwa.

Nyinyi mko mahali ambapo kupima ni rahisi kuliko kwa wote walioandika humu, kwa hiyo tumieni nafasi hiyo. Kila jimbo lina ofisi ya kilimo ya chuo kikuu, watawaambia pa kutuma udongo na gharama sio kubwa, waambieni risasi kwa jina. Ulizeni na mji kama kiwanja kimewahi kupimwa, karatasi zikiwepo ni haki yenu kuziona. Wakati huo msilime chini, tengenezeni maboksi ya mbao mpya, sio mbao za ile nyumba, chini mtandike kitambaa cha bustani halafu mjaze udongo na mboji ya kununua, kimo cha sentimita 30 kwa mboga za majani kinatosha. Njia kati ya maboksi mwageni vipande vya mbao ili watoto wasikanyage udongo mtupu. Nyanya na bamia zina hatari ndogo kuliko majani na mizizi, mkitaka kuanza na kitu msimu huu anzeni na hizo. Lengalenga iwe kwenye boksi tu, na matembele yasiachiwe kutambaa nje ya boksi, yakitoka yakate. Kabla ya kupika osheni kwa maji yanayotiririka mpaka mchanga uishe chini ya sufuria.